Mfalme wa Miaka Miwili

 

Jioni hii safari yetu ni ya kusini mwa Uingereza, miaka ya 680, kwa mfalme ambaye hata Waingereza wengi hawamjui. Jina lake huandikwa Caedwalla. Wewe litamke Kadwala, hutakuwa umekosea sana. Alishika ufalme mwaka 685 au 686, akauachia mwaka 688. Hakupinduliwa, aliondoka kwa miguu yake mwenyewe akiwa bado kijana, akaenda kufia Roma. Lakini katika muda huo mdogo aliivamia Kent mara mbili, akawatia nira Wasaksoni wa Kusini, na kisiwa kimoja alikifanyia jambo ambalo leo lingempeleka mtu mahakamani The Hague.

Tujue kwanza tuko wapi katika dunia. Mtume Muhammad amefariki miaka hamsini na mitatu iliyopita. Mwaka huo wa 685 Abdulmalik bin Marwan anashika ukhalifa kule Damascus. Huku kwenye kisiwa cha Britania hakuna bado nchi moja iitwayo Uingereza. Kuna vijifalme vingi vya Waangli, Wasaksoni na Wajuti, kila kimoja kinamvizia jirani yake. Warumi waliondoka kitambo, zaidi ya miaka mia mbili na hamsini, na barabara zao za mawe zinaota majani. Dini ya Kikristo imeshaingia karibu kote, lakini kuingia kwenyewe ni kwa kupitia wafalme: mfalme akibatizwa, watu wake wanabatizwa; mfalme akirudi kwenye miungu ya zamani, nao wanarudi.

Ukoo wa Caedwalla ulikuwa wa kifalme, katika watu waliojiita Gewisse, ambao baadaye walijulikana kama Wasaksoni wa Magharibi. Baba yake aliitwa Coenberht. Cha ajabu ni kwamba jina la kijana huyu halikuwa la Kisaksoni. Lilikuwa la wenyeji wa kale wa Britania, wale ambao kizazi chao ni watu wa Wales wa leo. Huenda upande wa mama kulikuwa na damu ya huko. Alikuwa na ndugu aitwaye Mul, na huyo naye atakuja kwenye habari hii, na mwisho wake si mzuri.

Kuzaliwa mwana wa ukoo wa kifalme zama zile kulikuwa na hatari yake. Hakukuwa na sheria kwamba mtoto wa kwanza ndiye anayerithi. Mwanamume yeyote wa ukoo aliyekuwa na nguvu na wafuasi aliweza kudai kiti, kwa hiyo aliyekikalia aliwatazama binamu zake kwa jicho la wasiwasi. Caedwalla alifukuzwa. Tunamkuta akiwa mkimbizi katika misitu ya Chiltern na Andred, amezungukwa na vijana wenye silaha. Hao vijana hawalipwi mshahara. Wanakula kwa ngawira, na wanamfuata kiongozi wao kwa sababu wanatumaini siku moja atakuwa na ardhi ya kuwagawia. Kiongozi asiye na ardhi akikaa muda mrefu bila vita, kundi lake linayeyuka. Kwa hiyo Caedwalla hakukaa.

Mtu wa kwanza kuipata habari yake alikuwa Aethelwealh, mfalme wa Wasaksoni wa Kusini, nchi ambayo leo ni Sussex. Caedwalla alimshambulia, akamuua, akaiharibu nchi. Majemadari wawili wa marehemu, Berhthun na Andhun, walijikusanya wakamfukuza. Akarudi porini. Muda si mrefu baadaye alipata kile alichokuwa anakitaka tangu mwanzo: mfalme wa Wasaksoni wa Magharibi, Centwine, aliingia utawani, na Caedwalla akakalia kiti. Wakubwa wadogo waliokuwa wamegawana nchi aliwaondoa wote. Kisha akarudi Sussex na deni lake. Berhthun akauawa, na nchi ikawekwa katika utumwa mzito kuliko wa mwanzo.

Hapa naomba tusimame kidogo tumwangalie mtu mwingine, kwa sababu bila yeye huyu mfalme haeleweki. Ni Askofu Wilfrid.

Wilfrid alikuwa askofu wa York, kaskazini, mtu wa elimu, wa majengo makubwa na ugomvi mkubwa. Aligombana na mfalme wake akafukuzwa, akatangatanga, mwisho akapokewa na Aethelwealh huyuhuyu wa Sussex. Mfalme mwenyewe alikuwa Mkristo tayari, lakini watu wake wengi walikuwa bado hawajabatizwa. Na nchi ilikuwa na njaa. Kwa miaka mitatu mvua haikunyesha. Mwanahistoria Beda, ambaye ndiye anayetupa sehemu kubwa ya habari hizi, anasimulia kwamba watu arobaini au hamsini walikuwa wakienda pamoja hadi kwenye jabali juu ya bahari, wamekonda, wakashikana mikono na kujirusha.

Wana bahari iliyojaa samaki mbele yao, na hawajui kuvua. Walichokuwa wakikijua ni kunasa mikunga tu. Wilfrid akaamuru nyavu za mikunga zikusanywe kutoka kila mahali, watu wake wakazitupa baharini, wakapata samaki mia tatu. Wakawagawa mafungu matatu: mia kwa maskini, mia kwa wenye nyavu, mia kwao wenyewe. Mtu wa pwani yetu atashangaa kwamba kulikuwa na haja ya kufundishwa haya, na mimi nashangaa pia. Beda aliipenda hadithi hii, na huenda aliinyoosha kidogo ili ikae vizuri. Lakini mgawo ule una harufu ya kweli. Mwenye wavu ana fungu lake, hilo linajulikana kwenye kila ufuko.

Aethelwealh akamshukuru Wilfrid kwa kumpa Selsey, ardhi ya kaya 87, pamoja na watu waliokuwa juu yake. Miongoni mwao walikuwamo watumwa 250, wake kwa waume. Wilfrid aliwabatiza, kisha akawaacha huru wote. Hilo ni tendo kubwa na linastahili kutajwa bila masharti.

Sasa unganisha mambo. Aethelwealh, mwenyeji wa Wilfrid, aliyempa makazi alipokuwa hana pa kuweka kichwa, anauawa na Caedwalla. Na Wilfrid anafanya nini? Anakuwa rafiki na mshauri mkuu wa Caedwalla. Stefano, kasisi aliyeandika maisha ya Wilfrid, anasema kwamba mkimbizi yule alitoka katika nyika za Chiltern na Andred kumwomba askofu amfundishe na kumsaidia, na kwamba askofu akawa kwake kama baba. Labda walielewana kwa kuwa wote wawili walikuwa wamefukuzwa kwao. Labda Wilfrid aliona mapema upepo unakoelekea. Alikuwa mjuzi wa wafalme kuliko watu wengi wa zama zake, na mjuzi wa wafalme hafungi ndoa na mmoja.

Twende sasa kwenye kisiwa.

Kisiwa cha Wight kiko kusini kabisa, kimetengwa na bara kwa mlango bahari mwembamba uitwao Solent. Ni kilomita za mraba kama 380. Wakazi wake walikuwa Wajuti, na mfalme wao aliitwa Arwald. Ndio waliokuwa wa mwisho katika vijifalme vyote kubaki na miungu yao ya asili. Beda anakadiria ardhi ya kisiwa kuwa ya kaya 1200, kwa kipimo cha Waingereza wa wakati ule, ambacho ni ardhi ya kutosha kulisha familia moja.

Mwaka 686 Caedwalla akavuka. Kabla ya kuvuka aliweka nadhiri, ingawa yeye mwenyewe alikuwa bado hajabatizwa: akikitwaa kisiwa, robo ya kisiwa na robo ya ngawira atampa Mungu. Alikitwaa. Na Beda anaandika, kwa mwendo uleule wa kalamu, kwamba mfalme alikusudia kuwaua wenyeji wote na kuweka watu wake mahali pao. Kisha anasonga mbele kuelezea nadhiri ilivyotimizwa: kaya 300 zikaenda kwa Wilfrid, Wilfrid akamkabidhi mpwa wake Bernwine, akampa na kasisi aitwaye Hiddila wa kufundisha neno la uzima na kubatiza.

Umesikia mahesabu yalivyo sawasawa? Robo ya 1200 ni 300. Hesabu ya ardhi imehifadhiwa hadi kaya ya mwisho. Jina la mpwa lipo. Jina la kasisi lipo. Ya waliouawa hakuna hesabu, na lile kusudio lenyewe limepewa sehemu ya sentensi tu.

Ninamheshimu sana Beda. Alikuwa mtawa wa Jarrow, kaskazini ya mbali, alimaliza historia yake mwaka 731, na alikuwa mwangalifu wa kuuliza kuliko waandishi wengi waliomfuata. Anasema wazi kwamba habari za huku kusini aliandikiwa na Askofu Daniel wa Winchester. Angeweza kulificha lile kusudio la mfalme, na hakulificha. Lakini hakulikemea pia. Akili yake ilikuwa kwenye jambo moja: kwamba sasa vijifalme vyote vya Waingereza vimeupokea Ukristo, na cha mwisho ni hiki. Habari njema ilikuwa imefika, na gari lililoileta hakulikagua magurudumu.

Wapo waandishi wa siku hizi wanaomtetea Caedwalla kwa kusema zama zile ndivyo zilivyokuwa. Siikubali sana hoja hiyo. Zama zile zilikuwa na vita kila mwaka, kweli, na washindi walitoza ushuru, waliteka watumwa, walichukua mateka. Kuwaondoa watu wote wa mahali ili kuweka wengine halikuwa jambo la kawaida hata wakati huo. Na swali la nani angepewa ardhi hiyo lina jibu jepesi. Wale vijana wa msituni walikuwa wakisubiri malipo yao. Kaya 900 zilizobaki baada ya robo ya Mungu zilipaswa kwenda kwa mtu.

Kuna vijana wengine katika habari hii, wawili, ndugu za Arwald. Walitoroka kisiwa kabla ya adui kufika, wakavuka hadi upande wa bara kwenye nchi jirani ya Wajuti, wakajificha mahali panapoitwa Kwenye Jiwe. Walidhani hawataonekana. Wakasalitiwa, na amri ikatolewa wauawe.

Habari ikamfikia abati mmoja, Cynibert, ambaye monasteri yake ilikuwa karibu, mahali paitwapo Hreutford, kivuko cha matete. Akaenda kwa mfalme. Caedwalla wakati huo alikuwa maeneo hayohayo, amefichwa, akiuguza majeraha aliyoyapata vitani kisiwani. Lishike hilo la majeraha, tutalirudia. Abati akaomba. Na hapa mimi huwa ninasimama kila ninapoisoma habari hii, kwa sababu hakuomba wasiuawe. Aliomba kwamba ikiwa ni lazima wafe, basi waruhusiwe kwanza kufundishwa na kubatizwa. Mfalme akakubali. Abati akawafundisha, akawabatiza, akawahakikishia ufalme wa milele. Mnyongaji alipokuja, Beda anasema, waliipokea mauti kwa furaha.

Pengine abati alijua kwamba kuomba uhai wao ni kupoteza muda; wana wa ukoo wa mfalme aliyeshindwa hawakuachwa wakue, na Caedwalla alilijua hilo kuliko mtu yeyote, maana yeye mwenyewe aliachwa akakua. Akaomba kile kinachoweza kutolewa. Ninaweza kumwelewa. Lakini lile neno furaha siwezi kulipokea. Aliyelisema ni mtu aliyekuwa upande wa pili wa upanga. Hata majina ya vijana hao Beda hakuyaandika, ijapokuwa jina la abati tunalo na la monasteri tunalo. Baadaye kanisa liliwaheshimu kama watakatifu, na kwa kuwa hawakuwa na majina wakaitwa kwa jina la ndugu yao, Arwald, ambaye Ukristo haukuwahi kumgusa.

Baada ya kisiwa, Kent. Hii tutaipita haraka, maana ni vita juu ya vita. Mwaka 686 Caedwalla na ndugu yake Mul waliivamia, na Mul akawekwa kuwa mfalme huko. Mwaka uliofuata watu wa Kent waliasi wakamchoma moto pamoja na watu wengine kumi na wawili. Caedwalla akarudi kulipiza, akaiharibu nchi upya. Wakati huohuo, kwa mkono mwingine, alikuwa akitoa ardhi kwa makanisa. Kuna hati ya mwaka 688 inayotoa kaya 60 za Farnham, huko Surrey, kwa ajili ya kujenga monasteri. Anayeitoa bado si Mkristo.

Hilo huwatatiza watu: mtu anayempa Mungu robo ya kisiwa, anayejenga monasteri, anayemwita askofu baba, kwa nini habatizwi? Jibu ni la kanuni ya dini yenyewe. Ubatizo unafuta dhambi zote za nyuma, na hautolewi mara mbili. Kwa mtu ambaye kazi yake ni upanga, akibatizwa mapema, kila atakachofanya baadaye kitabaki shingoni mwake. Akiuahirisha hadi mwisho, anaondoka msafi. Mfalme mkuu Konstantino, aliyeifungulia milango dini hii katika dola ya Roma, alibatizwa mwaka 337 akiwa kitandani pa mauti. Caedwalla hakubuni kitu. Hatari ya mpango huo ni moja, kwamba lazima uijue saa yako.

Na nadhani aliijua. Huenda yale majeraha ya Wight hayakupona. Mwaka 688 anauacha ufalme akiwa kwenye kilele cha nguvu, hakuna adui aliyemshinda, anaanza safari ya Roma. Wengine wanasema ni majuto, na ukipenda unaweza kuamini hivyo. Beda hasemi majuto. Anachosema ni kwamba mfalme alitaka heshima ya pekee ya kubatizwa mahali walipozikwa mitume, na kwamba alitumaini kuaga dunia mara tu baada ya kubatizwa. Mtu mwenye afya, wa miaka thelathini hivi, hatumaini hivyo. Anayetumaini hivyo anajua hali ya mwili wake.

Njiani, katika nchi ya Walombardi kaskazini mwa Italia, mfalme Cunincpert alimpokea kwa heshima kubwa. Akafika Roma. Kesha la Pasaka, tarehe 10 Aprili mwaka 689, Papa Sergio wa Kwanza alimbatiza na kumpa jina la Petro. Waliobatizwa walikuwa wakivaa mavazi meupe kwa siku nane hivi. Caedwalla aliugua angali ameyavaa, akafa tarehe 20 Aprili. Akazikwa katika kanisa la Mtakatifu Petro, na Papa akaamuru kaburi lake liwekewe maandishi marefu ya kishairi. Beda aliyanakili yote. Yanasifu jinsi alivyouacha ufalme, mali, watoto, majeshi na kuta za miji kwa upendo wa Mungu, na alivyovuka bahari kuja kuona kiti cha Petro. Wight haimo.

Roma ilikuwa na sababu ya kufurahi. Huyu alikuwa mfalme wa kwanza wa Waingereza kutimiza safari ile. Oswiu wa kaskazini aliinuia mwaka 670 akafa kabla hajaondoka. Baada ya Caedwalla njia ilifunguka. Mwaka 709 walikuja wawili pamoja, Coenred wa Mercia na Offa wa Wasaksoni wa Mashariki, wakaingia utawani hukohuko. Ikawa ni namna inayokubalika ya mfalme kuondoka: hauawi na binamu yake, anahiji.

Aliyemrithi nyumbani aliitwa Ine. Huyo alikaa miaka thelathini na saba, akaandikisha sheria ambazo tunazo hadi leo, kisha mwaka 726 naye akaacha ufalme akaenda Roma. Mambo mengi ambayo historia inamsifia Ine, hasa dola pana ya Wasaksoni wa Magharibi, yalikuwa yamekatwa na upanga wa mtangulizi wake. Ine alikuja kukalia.

Na akaja kukusanya. Damu ya Mul ilikuwa bado inadaiwa. Kwa sheria zao kila mtu alikuwa na thamani yake kulingana na cheo, na akiuawa, wauaji walitakiwa kulipa dia kwa ukoo wake, wasipolipa kisasi kinaendelea. Mwaka 694, miaka saba baada ya ule moto, watu wa Kent walifanya suluhu na Ine. Kitabu cha Mambo ya Nyakati cha Waingereza kinataja kiasi walichotoa kwa ajili ya Mul: elfu thelathini. Ine akapokea, mambo ya Kent yakaisha.